Hesabu za Baba Habiba

Ishaka alikuwa seremala kutoka Msumbiji, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu pale Dunda. Kiswahili cha kununulia mbao alikuwa nacho. Cha kusoma kilimpiga chenga, maana shuleni kwao alisomeshwa Kireno. Barua za shule alisomewa na bintiye Habiba, wa darasa la tano.

Siku moja ikaja barua iliyojaa ukurasa mzima.

"Mwalimu anakusalimu," Habiba akasoma.

"Karatasi yote hii?"

"Ni salamu ndefu, baba."

Asubuhi yake Ishaka akavaa kanzu, akaenda na barua ile shuleni. Mwalimu Sihaba akamsomea neno kwa neno: Habiba hajui kugawanya, wala kazi za nyumbani hafanyi. Mzazi amsimamie.

Ishaka aliona haya. "Mwalimu, kusoma najikongoja. Ila hesabu niachie mimi."

Jioni hakumgombeza mtoto. Alimkalisha juu ya benchi la kurandia, wakagawanya mia nne thelathini na mbili kwa kumi na mbili mpaka Habiba akaacha kukuna kichwa.

Kesho yake daftari likarudi na mikasi mitupu ya kukosa. Ishaka akarudi shuleni mbio mbio, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele.

"Baba Habiba, namba mbona zimekaa hivi?" mwalimu akauliza. "Kigawanyo kiko kulia, jibu liko chini."

"Ndivyo tulivyofundishwa kwetu." Akaomba chaki, akafanya hesabu ile ile ubaoni mbele ya darasa zima la Habiba. Thelathini na sita. Mwalimu akafanya kwa njia yake pembeni. Thelathini na sita.

Mwalimu Sihaba akacheka, akachukua kalamu nyekundu, akaigeuza mikasi yote kuwa vema. "Lakini kwenye mtihani watataka ya huku," akasema.

"Basi nifundishe na mimi, niweze kumsimamia."

Akajibana kwenye dawati la mbele, magoti yakimgusa kidevu. Watoto wakacheka, na Habiba akafunika uso kwa mtandio. Mwalimu alipomaliza kueleza, akamwita ubaoni. Hesabu ya kwanza Ishaka akapatia. Ya pili ikamkwamisha. Akabaki anaitazama chaki.

Habiba akashusha mtandio, akaenda kusimama ubavuni pake.

"Anzia kushoto, baba," akamnong'oneza. "Taratibu tu."

Wakaimaliza pamoja.