Kigingi Kimetembea Tena

Barua ilifika Jumatatu kutoka ofisi ya wilaya, imeandikiwa "Msimamizi wa Kundi la WhatsApp, Wakulima Bondeni, Lipangalala." Ilisema kwamba kwa mujibu wa kanuni za maudhui ya mtandaoni, msimamizi anawajibika kwa kila kinachoandikwa kwenye kundi lake. Afike ofisini Alhamisi saa tatu asubuhi na simu yake, orodha ya wanachama wote, na jina la aliyeandika maneno "Kigingi kimetembea tena."

Maneno hayo aliyaandika Evod, jirani yetu. Aliyaweka chini ya picha ya kigingi cha zege cha mpaka wa hifadhi, ambacho msimu uliopita kilikuwa kando ya mto na sasa kilisimama katikati ya mpunga wake. Hakumtukana mtu. Kuna mwanachama aliyeipeleka picha ile ofisini, akiwa amelikata jina la Evod kwa huruma.

Msimamizi, ambaye sisi tunamwita admini, alikuwa Severini. Ndiye aliyelianzisha kundi ili tuambiane bei ya mpunga, maji ya mto na misiba. Aliisoma barua, akaipiga picha, akaituma kundini, kisha akajitoa. Admini akijitoa, simu yenyewe humchagua mwingine. Ilimchagua Nickolaus, fundi wa pampu, akadumu dakika kumi na moja. Ikamchagua Gladness wa duka la pembejeo, naye akaaga vizuri, akisema anapunguza matumizi ya bando. Kufikia saa kumi jioni, kati ya watu sitini na nne tulibaki tisa, na admini alikuwa bibi yangu, Klementina.

Bibi alikuwa shambani. Aliporudi nikamweleza. Nimesoma sheria chuoni na nasubiri ajira, kwa hiyo nilimweleza kwa kirefu, pamoja na adhabu. Alisikiliza huku akivua mabuti, akauliza kama amechaguliwa kwa kura.

"Simu ndiyo imechagua, bibi."

"Basi imechagua vizuri," akasema, akaomba maji ya kuoga.

Jumatano Evod alikuja na nguo zake kwenye mfuko wa rambo, na mswaki. Alisema atakwenda kujitaja mwenyewe, hawezi kumwona bibi wa watu anafungwa kwa picha yake. Mkewe, Rabia, alikuwa amebakiza wiki mbili kujifungua. Bibi akamwambia arudi akapandikize mpunga, walioitwa ni maadmini.

Alhamisi nilimpeleka bibi ofisini. Jina la afisa lilikuwa Jeremia, kijana wa umri wangu. Alisimama, akamwamkia bibi shikamoo, akampa kiti chake. Akaomba simu. Bibi akasema imebaki nyumbani inachaji, na ilikuwa kweli. Niliichomeka mwenyewe asubuhi ile, ikiwa na asilimia tisini na nane. Akaomba jina. Bibi akasema barua imeshasema anayewajibika ni msimamizi, basi aandike Klementina. Jeremia akaeleza kwa upole kwamba anamtaka aliyeandika uongo.

"Uongo upi, baba?"

"Kwamba kigingi kimetembea. Kigingi hakitembei, bibi."

"Hata mimi nilijua hivyo. Basi andika hapo ni nani aliyekitembeza."

Jeremia aliinua kalamu, akatazama mlango, kisha akatupangia Jumatatu.

Jumamosi na Jumapili tulipita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu uhuru wa maoni. Kwa Nickolaus nilifika nusu, bibi akanikatiza, akamwuliza kama kigingi amekiona. Alikuwa amekiona. "Basi rudi kundini." Kila aliyerudi nilimwingiza, na bibi akaniambia nibonyeze pale pa kumfanya admini, na sisi tuliobaki vilevile. Walirudi thelathini na wawili. Severini alisema atafikiria. Hotuba yangu sikuimaliza popote.

Jumatatu Jeremia alipokea orodha ya majina arobaini na moja, mbele ya kila moja nimeandika "Msimamizi." Akauliza wako wapi. Bibi akamwonyesha dirisha. Gladness alikuwa amefunga duka. Severini, ambaye hakuwa kundini, alisema anapita tu, lakini alikuwa amevaa shati la kanisani. Benchi lilikuwa moja.

Simu ziliwekwa mezani mpaka meza ikajaa. Jeremia alizitazama, akamwambia kila mtu achukue yake, maana droo ina kufuli bovu. Kisha akaanza kuandika maelezo, kila msimamizi na fomu yake. Nickolaus alieleza kwamba kigingi kimesogea hatua mia mbili na kumi, amezihesabu. Gladness alisema mia mbili na thelathini, ila yeye ana hatua fupi. Kufikia saa saba fomu kumi na mbili zilikuwa zimejazwa, zote zikisema kigingi kimetembea, zote zina muhuri wa ofisi. Hapo fomu zikaisha. Waliobaki wakaambiwa waje kesho.

Evod, aliyekuwa wa ishirini na tatu kwenye foleni, aliuliza kama anaweza kuuacha mfuko wake palepale ili asiubebe tena.

"Una nini?" Jeremia akauliza.

"Nguo. Na mswaki."

Jeremia aliusukuma mfuko kwake.

"Rudi nazo nyumbani," akasema. "Kesho utakuja kueleza kigingi tu, kama wenzako."