Ujumbe Uliosomwa Chunguni

Simu ya Bibi Lukresia ilimponyoka Jumatatu akifua nguo lamboni, ikatumbukia pamoja na sabuni. Aliipapasa topeni akaipata, lakini ilikuwa imeshakunywa maji ya kuitosha. Ikakata kauli.

Kesho yake asubuhi akaingia Mayige, mdogo wa marehemu mumewe, ametoka Sapiwi kwa baiskeli. Kofia ameishika mkononi.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mbona kofia haiko kichwani na jua lote hili?"

"Nimepiga simu tangu jana, hupatikani."

"Imezama lamboni. Imekufa kabisa."

Mayige akatazama pembeni kidogo, kama mtu aliyeona kitu kimedondoka njiani na mwenyewe hayupo. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Basi ni msiba juu ya msiba. Mbula kazaa jike, zuri sana. Fisi kalibeba."

Lukresia akakaa chini. Mbula ndiye ng'ombe pekee aliyebaki katika boma lote la marehemu. Alikuwa akilishwa kwa Mayige kwa desturi ile ya siku zote: mlishaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Miaka miwili Lukresia alikuwa akiliomba jike hilo, boma lianze upya angali anaona kwa macho yake.

"Ngozi iko wapi?" akauliza. Maana hilo nalo ni desturi. Mnyama akifa mikononi mwa mlishaji, ngozi hupelekwa kwa mwenyewe, maneno matupu hayapokelewi.

"Alibeba mzima mzima, shemeji. Hata ukwato hakuacha." Mayige akafuta macho makavu. Halafu akaletewa ugali na mlenda, akala, akaongezwa, akaomba tena.

Lukresia alimtazama akitafuna. Mtu wa msiba koo humkauka. Huyu alikuwa anakula cha harusi. Akamwongezea mlenda. Alishangoja mvua ngapi maishani mwake? Fisi asiyeacha ukwato naye angengojewa.

Alhamisi akaipeleka simu mjini Bariadi, kwenye steshenari anakofanya kazi mjukuu wake Jenifer. Jenifer akafungua mfuniko wa nyuma. Maji yakamchuruzikia kidoleni.

"Hii ya kuzika, bibi. Lakini ujumbe wako wa wasapu unaingia hapa kama kawaida."

"Hapa wapi?"

"Kwenye kompyuta. Pasaka si uliniletea simu nikuchapie picha za kwaya? Niliiunganisha na hii, na sijaitoa."

"Na simu ikifa je?"

"Kompyuta inaendelea kupokea yenyewe, wiki mbili hivi, halafu inajifunga." Jenifer akasogeza kiti. "Tena una ujumbe kumi na tisa. Grupu la Wazee wa Ukoo."

Wa kwanza ulikuwa picha. Ndama jike mwekundu, doa jeupe kwenye paji la uso, ncha ya mkia nyeupe, kafungwa kamba ya bluu nyuma ya kihenge cha mahindi. Anang'aa, kalambwa vizuri na mama yake. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti.

"Nibonyeze?"

"Bonyeza."

Spika za dukani zilikuwa zimefunguliwa hadi mwisho kwa ajili ya muziki. Sauti ya Mayige ikanguruma mbele ya watu watano waliosubiri kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa: "Ndugu zangu, mwoneni binti wa Mbula! Shemeji nimeshampa pole, nimemwambia ni fisi. Jumamosi tunampeleka Kasoli kwa mkwe wangu. Akishachanganyika na wa kule, nani atamjua?"

Masalu, binamu wa Mayige, alikuwa ameuliza kwa maandishi: "Kwani Lukresia hayumo humu?"

Sauti ya Mayige tena, na kicheko juu yake: "Simu yake imejaa tope. Atasomea wapi, kwenye chungu?"

Zikafuata zile sura ndogo za kucheka hadi machozi, sita.

Steshenari nzima ikamgeukia bibi. Mzee mmoja mwenye bahasha akaguna, "Mayu, nenda leo leo."

"Bibi, tumjibu?" Jenifer alikuwa ameshaweka vidole tayari.

"Usiguse." Lukresia akafunga kanga vizuri. Mdomo ulikuwa unamcheza. "Rudisha nyuma kidogo. Kamba ni ya rangi gani?"

Ijumaa asubuhi alishuka kwenye bodaboda kwa Mayige, chungu kikubwa cheusi mikononi. Akaenda moja kwa moja katikati ya uwanja, akakiweka chini.

"Shemeji! Mbona na chungu?" Mayige akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku hiyo.

"Simu sina, shemeji. Inabidi nitumie nilicho nacho." Akamgeukia Klementina, mke wa Mayige. "Nitilie maji humo, mama. Yasijae."

Klementina akatia, akarudi nyuma hatua tatu. Lukresia akainama juu ya chungu. Hakuwa na haraka. Alitazama mpaka kuku wakaacha kuparura, au ndivyo alivyosimulia baadaye.

"Naona mwekundu," akasema polepole. "Ana doa kwenye paji. Mkia mweupe nchani."

Mayige akavua kofia.

"Naona kamba ya bluu. Naona kihenge. Na naona safari hapa... Jumamosi. Kasoli. 'Akishachanganyika na wa kule, nani atamjua?'"

"Shemeji..."

"Ngoja, kuna mtu anacheka humu ndani. Anasema, 'Atasomea wapi, kwenye chungu?' Sauti kama naifahamu. Njoo utazame na wewe, unisaidie."

Mayige hakutaka kutazama. Alishaenda nyuma ya kihenge mbio, akarudi anamvuta ndama kwa kamba ya bluu, jasho linamtiririka. "Fisi... fisi alimrudisha, shemeji. Jana jioni. Nilikuwa nataka kuja kukuambia."

"Fisi mwungwana. Sasa ndama huyu atanyonya nani njiani? Mfungulie na mama yake."

"Mbula naye?"

Lukresia akainamia chungu tena.

"Nafungua, shemeji! Nafungua!"

Jumatatu alirudi steshenari, ana maziwa ya Jenifer kwenye chupa. Kompyuta ilikuwa bado haijajifunga. Mayige alikuwa ameandika, safari hii bila sura za kucheka: "Ndugu, tuchunge midomo. Yule mama anasoma kila kitu kwenye chungu. Tumheshimu."

Masalu na wengine wote walikuwa wamejibu, "Sawa."

"Bibi," Jenifer alisema, machozi ya kicheko yakimtoka, "leo si tujibu hata neno moja?"

"Acha, mjukuu wangu. Ulishaona wapi chungu kikaandika?"