Inkongoro ya Loyce

Kikundi chetu cha kukereza mbao hapa Kibondo kina watu kumi na mmoja, mashine moja ya umeme, na mwanamke mzee mmoja ambaye ni mimi, Ernesta. Niliingia baada ya kumzika mume wangu. Watu walitegemea nijiunge na kwaya. Lakini kwaya wanaimba wamesimama saa nzima, na magoti yangu hayana wito huo. Kwenye kukereza unasimama dakika ishirini, unapata bakuli, unakaa chini, unasifiwa.

Kwa asiyejua, kukereza ni hivi: gogo linabanwa kwenye mashine, linazunguka kama limepagawa, na wewe umetulia na patasi yako. Gogo ndilo linalokuja kwako. Mwenyekiti wetu, Venanti, fundi wa vitanda, hurudia kila Jumamosi maneno yaleyale: "Mgongo wa patasi uguse kwanza, makali baadaye." Ukianza na makali, patasi inanasa, gogo linachomoka, na wenzako wanalala chini kama kuna vita. Mimi nimewalaza mara mbili. Mara ya pili nilitaka tu kuona kama bado wana mbio.

Fundi mtulivu kuliko wote pale ni Reverien wa Kumsenga. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Leo ni raia, ana shamba la mahindi na maharage, ng'ombe wawili, na binti wa mwisho aitwaye Loyce. Mwaka huu Loyce alikuwa anaolewa na Obedi, mwalimu kijana wa Kasulu.

Kwao Reverien, siku binti anatoka nyumbani, baba humkabidhi maziwa ndani ya inkongoro. Hicho ni chombo cha mti, tumbo pana na shingo nyembamba, kipande kimoja kisicho na kiungo, na baba lazima akitengeneze kwa mkono wake. Binti anaonja kidogo kwa haya, anampa bwana harusi, kisha kinapita kwa wazee wa upande wa pili. Wazee wakinywa wakaridhika, binti amepokelewa. Wakikunja uso, habari hiyo watasimuliwa hadi vitukuu.

Na Reverien alikuwa na kidonda chake. Binti yake mkubwa alimtoa miaka mingi nyuma, mwaka wa shida, kwa maziwa yaliyotiwa kwenye jagi la plastiki la rangi ya bluu. Mpaka leo wakwe wale wakimwona sokoni wanamsalimia, "Habari za siku, Mzee Jagi?" Wanacheka, naye anacheka. Lakini mimi nimemwona akishacheka anavyorudi kushika patasi. Anaishika kama mtu aliyeshikilia mlango usifunguliwe.

Kwa hiyo ya Loyce ilikuwa lazima iwe ya mti. Alikata mringaringa nyuma ya nyumba yake mwezi wa nne, harusi ikiwa mwezi wa nane. Mti mbichi hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza unaacha kuta nene kama kidole gumba, unakifukia chombo kwenye gunia la maranda, kinakauka polepole miezi mitatu minne, kinajipinda kinavyotaka. Ndipo unakirudisha kwenye mashine na kukikereza mara ya pili, chembamba. Ukiharakisha kinapasuka, na ufa kwenye chombo cha maziwa hauna dawa.

Reverien alikereza mara ya kwanza, akafukia. Wiki tatu baadaye Obedi akapata uhamisho wa kwenda Tunduru, akataka aondoke na mke wake. Harusi ikasogezwa mpaka ikabaki siku kumi na tano.

Jumamosi ile alikuja karakana amekumbatia gunia lake. Mwenzetu Careen, muuguzi wa kliniki ya watoto, msichana wa Upareni aliyepangiwa kazi huku, alikitoa chombo akakining'iniza kwenye mzani wa kupimia watoto. Huo ndio mzani wetu. Chombo kikiacha kupungua uzito, maji yamekwisha. Careen amekifungulia kila chombo kadi yake.

"Huyu bado ana maji mengi," akasema. "Anatakiwa akonde karibu robo."

"Kliniki gani hii," nikasema, "mtoto akikonda mnapiga makofi?"

Hakuna aliyecheka. Reverien alikuwa amekaa juu ya kigogo, mikono katikati ya magoti.

"Kanunue kingine kikavu," Venanti akamwambia. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi, Mwenyekiti."

"Basi mweleze Obedi asubiri."

"Serikali imemwita, atasubiri vipi?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Shemeji yangu Longinus, mdogo wa marehemu mume wangu, analima tumbaku kule Kasanda. Ana bani, yaani nyumba ya udongo ya kukaushia majani ya tumbaku kwa moto wa taratibu, usiku na mchana. Nikasema, "Mwanangu, kuna mahali joto halipungui wala halizidi. Tukiweke kwa Longinus, kwenye kona ya mbali na moto, ndani ya maranda yake. Siku nane kitakuwa kimekauka kama mfupa."

Venanti akasema, "Bibi, hilo ni wazo."

Nilivimba kichwa. Nakiri. Shule yangu iliishia darasa la saba, na pale karakana kuna watu wenye vyeti.

Nilikipeleka Kasanda mwenyewe kwa bodaboda, nimekibeba mgongoni kwa kanga kama mjukuu. Mwanamke mmoja njiani akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamjibu ana wiki tatu na anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Akafanya ishara ya msalaba.

Siku nane baadaye, Jumanne, nikakirudisha. Hakina ufa hata mmoja. Careen akakipima Jumanne, akakipima Jumatano asubuhi, uzito uleule. Tukapiga makofi. Reverien akakibana kwenye mashine, akakereza mara ya pili: nje kwanza, shingo, kisha tumboni ndani kwa patasi iliyopinda, ile ambayo ncha yake huioni, unaisikiliza tu. Maranda yalitoka laini kama nywele. Akasugua msasa, akapaka nje nta ya nyuki wa hukuhuku. Chombo kiling'aa mpaka Venanti, ambaye hasifii kitu asichokitengeneza yeye, akasema, "Hapo sasa." Kisha akasema tena, "Hapo sasa."

Alhamisi Reverien alileta maziwa ya asubuhi ili tupime kama kinavuja. Yalikaa humo saa moja. Hakikuvuja. Careen akamimina kidogo kwenye kikombe, akaonja, akatoka nje mbio.

"Nini?" Reverien akauliza.

Careen alikuwa anatema chini ya mhogo. "Jamani! Ni sigara! Maziwa yana sigara!"

Venanti akaonja, akatema. Reverien akaonja. Yeye hakutema. Alimeza, akabaki anakitazama kikombe.

Mimi nilikuwa nimekinusa chombo kile siku nzima ya Jumanne nisisikie kitu. Nimeishi miaka arobaini na mkulima wa tumbaku. Shuka zangu zilinukia tumbaku, ubatizo wa watoto wangu ulinukia tumbaku. Pua yangu iliacha kuihesabu kuwa ni harufu. Na pale karakana wote tulikuwa tumejaa nta na vumbi la msasa.

"Mwanangu," nikasema, "hili ni langu. Mimi ndiye niliyekipeleka bani."

"Gunia nilikupa mimi, Mama Ernesta."

"Nitukane kidogo basi, nijisikie vizuri."

"Sina nguvu."

Tukakaa. Careen akashauri maji ya moto na magadi. Tukaosha mara tatu, tukatia maziwa, tukaonja. Sigara imebaki, sasa na sabuni. Venanti ndiye aliyefikiri kama fundi. Alichukua maranda yaliyokwanguliwa ndani ya tumbo, akayanusa, kisha akanusa yale ya mwisho kutoka, juu ya rundo.

"Harufu haijaingia ndani sana," akasema. "Imeshika juujuu. Ukitoa tena unene wa sarafu mbili, utafika kwenye mti safi."

"Kuta zenyewe zimebaki unene wa sarafu tatu," Reverien akasema. "Nikitoboa?"

"Nipe mimi nifanye. Mkono wangu leo umetulia kuliko wako."

Alisema kweli. Venanti akanyoosha mkono kuchukua patasi, na kwa muda nilidhani atapewa.

"Hapana, Mwenyekiti. Nikikupa, itakuwa yako. Hata kama hakuna anayejua."

Akakibana tena. Mashine ikanguruma. Wote tulisogea, hata mimi ninayependa vurugu. Mgongo wa patasi kwanza, kisha makali. Anakwangua mara tatu, anazima, anagonga tumbo kwa ukucha, anasikiliza. Mwanzoni lile tumbo lililia *du*, kama mlango. Anakwangua, anazima, anagonga. Sauti ikapanda. Ikawa *di*. Venanti akaweka sikio, akasema, "Acha hapo."

Reverien akanusa maranda. "Bado ipo kidogo."

"Kidogo gani?"

"Kidogo ya kujulikana."

Akawasha tena. Mara moja tu. Alipozima na kugonga, sauti ilikuwa kama ya glasi, na ukishika chombo unahisi joto la vidole vyako upande wa pili. Akaweka patasi chini. "Nikiongeza, namtoa Loyce kwa chujio."

Tuliosha, tukatia maziwa, tukaonja. Ladha ilikuwa imepungua sana. Lakini ilikuwepo. Ukimeza, unasubiri, halafu inapanda puani taratibu, kama mzee anayepita nje na kiko chake. Hapakuwa na muda wa kitu kingine.

Jumamosi nilienda Kumsenga nimevaa kitenge kipya na dhamiri ya zamani. Wakwe walifika kutoka Kasulu na magari mawili. Kiongozi wao alikuwa shangazi yake Obedi, Epifania, mwanamke mrefu mwenye macho ya mtu anayenunua maharage: anachambua kwanza. Nyuma yake wazee wanne. Na kati ya wageni waalikwa, kama makusudi, alikuwepo yule mkwe wa kwanza, wa binti mkubwa. "Mzee Jagi!" akasema kwa furaha. "Leo la rangi gani?"

Reverien akacheka. Akaenda kukichukua chombo chake.

Alipotokea na inkongoro mikononi, watu walisimama kuona. Kilikuwa chembamba kiasi kwamba jua la mchana lilionekana mdomoni pake likiwa jekundu kidogo. Mkwe wa kwanza akafunga mdomo. Hilo tu nilishukuru. Lakini mimi nilikuwa natazama maziwa.

Loyce alipiga magoti, akapokea kwa mikono miwili. Akakiinua. Nikaona kilivyofika usoni, pua yake ikatikisika kidogo sana, kama ya sungura. Akamtazama baba yake juu ya ukingo wa chombo. Reverien alikuwa ameinamisha kichwa.

Binti anatakiwa aonje. Matone mawili, haya nyingi. Loyce akanywa. Akameza, akaendelea. Shingo yake ikawa inapanda na kushuka, wanawake wakaanza kuangaliana, mmoja akasema, "He!" Loyce akaendelea. Alikiinamisha chombo mpaka kikafunika uso wake, akakishusha kitupu, akajifuta mdomo kwa kiganja mbele ya wakwe zake wote.

Obedi alikuwa ameshanyoosha mikono kupokea. Ikabaki hewani.

Inkongoro haijazwi mara mbili siku hiyo. Ingekuwa kama kumtoa binti mara mbili. Kila mtu alijua hilo. Epifania akasimama, akakichukua chombo, akakipindua. Tone moja likaanguka kwenye vumbi. Wazee wanne wakamtazama yeye. 

"Mwanangu," Epifania akamwambia Loyce, "hukutuachia hata tone la kulamba?"

"Nisamehe, shangazi. Ni mkono wa baba. Nilishindwa kuacha."

Epifania akageuka kwa wazee. "Mimi nimeletewa wakamwana watatu wanaoonja onja. Kwenye chakula wanaonja, kwenye shamba wanaonja. Huyu anamaliza." Akapiga makofi mara moja. "Tumepokea!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, ng'ombe wa Reverien walikata kamba.

Kwenye pilau Epifania alikuja kukaa karibu nami, bado amekishika kile chombo. Akakinusa. Akanusa tena, amefumba macho.

"Bibi, huu ni mti gani? Unanikumbusha baba yangu mzazi."

"Mringaringa, mama."

"Mringaringa wa kwetu haunukii hivi."

"Wa kwenu haujafika Kasanda," nikasema, na nilisema kweli tupu.

Akamwita Reverien papo hapo, akamwomba amtengenezee viwili, vyenye harufu hiyohiyo. Reverien aliniangalia kwa muda mrefu. Mimi nikawa natafuta chumvi.

Jioni, kabla gari halijaondoka, Loyce alinijia pembeni akaomba maji. Akanywa vikombe vitatu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ilipofika puani, Bibi."

"Na bado ukamaliza?"

"Baba alikuwa anaangalia viatu vyake," akasema. "Kama siku ile ya dada."

Kisha akacheua, mkono mdomoni, na pale tuliposimama pakanukia bani zima la Longinus. Tulishikana tukacheka mpaka nikalazimika kukaa. Halafu nikajifuta machozi, nikamfuata Obedi kwenye gari, nikamwambia kwa sauti ya bibi mwenye mila zake kwamba, kwa desturi yetu huku, bwana harusi hamsogelei mkewe usoni mpaka wavuke Makere, karibu na Kasulu.

Akaniitikia kwa heshima zote.