Uzee wa Gayo Mario

Wangari alikuwa amejitanda shuka jeupe la bwenini, magoti yamejaa matope, shingo ameinyoosha mbele ya msichana aliyeshika upanga wa mbao. "Wewe," alinguruma, "utathubutu kumuua Gayo Mario?" Upanga ukaanguka. Wasichana wa kidato cha tatu wakapiga vigelegele mpaka mabati ya ukumbi yakaitika.

"Uishie hapo," sauti ikasema kutoka mlangoni. Alikuwa Bi. Jepchumba, mwalimu mkuu.

Mwalimu Mideva, aliyeutunga mchezo huo juu ya maisha ya jenerali wa Roma ya kale, alidhani hakusikia vizuri. "Hapo ni katikati, Madam. Hajarudi Roma bado."

"Asirudi. Mgeni wa heshima ni mwenyekiti wa bodi, naye anataka jenerali anayeshinda. Hiyo sehemu ya uzee na mauaji, itoe." Akasogea, akashusha sauti. "Na bodi hiyo hiyo ndiyo iliyokupa mkataba, Mideva. Unaisha muhula huu."

Mideva akameza mate. Alikuwa hodari wa kumeza.

Mwenyekiti, Meja mstaafu Nyongesa, hakuwa mtu wa kubezwa. Majambazi walipokuwa wakivamia mashamba upande wa Kaptagat, yeye ndiye aliyeingia msituni na askari wachache akawasambaratisha. Watu walimchagua kuwa mbunge, wakamchagua tena. Mideva mwenyewe, akiwa msichana wa shule, aliwahi kusimama kando ya barabara kumpungia mkono hadi bega likamuuma. Kisha Meja akashindwa, na kushindwa kukamwingia kama sumu. Sasa, nywele zote nyeupe, alikitaka tena kiti, na vijana wake walipita sokoni wakiuliza nani ni wa nani. Wiki iliyotangulia walifika kwa Linah, dada yake Mideva, muuza vitunguu. Walikuta picha ya mpinzani imebandikwa kwenye kibanda. Wakakipindua, na mmoja akamkanyaga Linah mkono mpaka mfupa ukalia. Byron, mwana wa Meja, alisimama hapo akitazama, mikono mfukoni.

Jioni hiyo Mideva alimkuta dada yake akimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi kikimponyoka kila mara.

"Mwalimu mkuu amesema nini?" Linah akauliza.

"Nikate mwisho."

"Nawe ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

Linah aliokota kiazi sakafuni, akakifuta kwenye leso. "Na mimi polisi sikwenda. Basi tuko wawili."

Hakulisema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomwasha Mideva. Hasira ikampanda. Si kwa sababu ya Byron, wala Meja, wala Jepchumba, bali kwa sababu ya ile shingo yake mwenyewe, iliyozoea kuinama kabla haijaguswa.

Jumamosi ukumbi ulifurika wazazi. Upanga ulipoanguka walishangilia, na Meja Nyongesa akainuka kwa fimbo yake ili ahutubie. Mideva akapanda jukwaani.

"Mchezo haujaisha," alisema. "Ni kweli, Gayo Mario aliiokoa Roma. Maadui wa kaskazini walipomiminika kama siafu, yeye ndiye aliyewazuia. Lakini alipozeeka hakuvumilia kuona mwingine amekalia kiti. Alifukuzwa mjini, akarudi na genge. Ulipomsalimia barabarani asipokuitikia, genge lilikuua papo hapo. Aliwaua walewale aliowaokoa! Akakipata kiti mara ya saba, akafa kabla mwezi haujaisha." Alikusudia kukomea hapo. "Na dada yangu anauza vitunguu katika soko la mji huu. Wamemvunja mkono."

Bi. Jepchumba alikuwa amefumba macho.

Meja alikokota miguu hadi chini ya jukwaa. Mideva akakaza meno. Alikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake.

"Huyo Mario," mzee akauliza taratibu, "alikuwa na mtoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Akawaje?"

"Alirithi vita vya babake. Maadui walimzingira, akafia kwenye handaki, chini ya ardhi, akitafuta pa kutokea. Hakufikisha miaka thelathini."

Meja aligeuka. Nyuma kabisa, Byron aliegemea mlango katikati ya vijana wake, akicheka na simu.

Mideva alingoja hasira ipoe. Haikupoa, wala hakutaka ipoe. Alibaki palepale, wasichana wake wakijikusanya mmoja mmoja nyuma yake.

"Byron," mzee aliita.

Kijana hakusikia. Mzee akavuta pumzi, akaita tena, sasa kwa sauti ya kambini, na ukumbi mzima ukageuka kutazama mlangoni.