Ishirini kwa Kila Mwanafunzi

…na viatu keshavivua chini ya meza, potelea mbali, nani anaona, miguu imevimba kama ya mjamzito wa miezi tisa na yeye mimba ya mwisho kaibeba miaka ishirini na sita iliyopita, toka alfajiri hajakaa, kazalisha watatu, wa nne kamwachia mwenzake wa zamu ili awahi kikao, maana barua ilisema mkunga mkuu wa wodi ya wazazi ahudhurie bila kukosa, bila kukosa, kumbe ni kuja kutazama nguzo za rangi ukutani, moja ndefu ya buluu, moja ya kijani ya wastani, moja nyekundu fupi kama mtoto aliyedumaa, na kijana wa takwimu, ambaye wodini wanamwita Bwana Asilimia kwa sababu hata ukimwuliza habari za nyumbani atakwambia ni nzuri kwa asilimia tisini, anazigonga kwa kijiti, "waheshimiwa, hivi ndivyo vyuo vitatu vya udaktari vyenye sifa katika afya ya wanawake, na hii ni idadi ya wanafunzi wapya kwa mwaka, wenzetu wa ng'ambo ya mto mia mbili na kumi, sisi tisini, chuo cha masista wa kanisa arobaini na wanane," na Mkuu wa Chuo anatikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba, "tisini," anasema, "jamani, tisini, chuo chenye jina kama letu, tunawapungia mkono tu wenzetu wakipita," na watu wanacheka kidogo, wanacheka kwa sababu ni Mkuu, na mkunga anacheka pia, mdomo peke yake, huku anawaza kwamba masista aliwatembelea wiki nzima mwaka mmoja, aliona kwa macho yake, kwao mwanafunzi mmoja mzazi mmoja, toka uchungu unapoanza mpaka mtoto ashike ziwa, binti hatoki hapo, anamsugua mama mgongo, anahesabu mapigo ya mtoto, hata chooni anaaga, ndiyo maana nguzo yao fupi, lakini nani atalichora hilo ukutani, na kwa rangi gani, "masista hawa," anasema Bwana Asilimia, "ukweli ni kwamba wameachwa nyuma," haya, wameachwa, endelea baba.

Fomu imeshaanza kuzunguka, iko upande wa pili wa meza kwa mganga mkuu wa hospitali, anaisaini bila kuisoma, huyo hata cheti cha ndoa nadhani alisaini hivyohivyo, lakini yeye mkunga keshaisoma tangu jana, anaijua kama sala, chuo kitapokea wanafunzi mia na themanini, mara mbili ya sasa, na mkunga mkuu anathibitisha kwamba wodi inaweza kumpa kila mwanafunzi akina mama ishirini wa kuwazalisha kwa mikono yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, wameandika, lo, na hesabu hii haihitaji kijiti wala ukuta, wanaletwa kwa makundi matatu, kila kundi wiki nane, leo kundi ni vijana thelathini, mara ishirini ni mia sita, na wodi katika wiki nane inapata wazazi mia sita, wakizidi wamezidi kidogo, na hapo hujawagusa wanafunzi wa ukunga ambao nao wana vitabu vyao na ishirini zao, basi leo tu haitoshi, haijawahi kutosha, na sasa kundi liwe sitini, sitini kwenye chumba cha vitanda sita, wakati leo tayari mama wa watu kalala miguu wazi na vichwa kumi na vinne vimemzunguka, mmoja anashika, wengine wanachungulia juu ya mabega kama wanatazama ajali barabarani… na ndiyo hiyo wodini waliyoipa jina, kuzalisha kwa macho, "Mama, leo nimezalisha wanne," "kwa mikono au kwa macho?" "kwa macho Mama, nisamehe," na wanacheka, na Ijumaa ya mwisho wa zile wiki nane foleni mlangoni kwake, vitabu vidogo mkononi, kila mzazi mstari mmoja na saini ya mkunga mkuu, asiyefika ishirini harudi nyumbani na wenzake, anarudia mwaka, na wao watoto wa watu, wana macho mekundu kwa kukesha, kosa lao nini kama wazazi hawakutosha, angewafanyaje, akavuta kalamu, tia saini, tia saini, huyu kumi na mbili zilizopungua, yule tisa, huruma jamani, huruma tu, na waliondoka wakimwita Mama, wengine walimbusu mkono.

Mnara alikuwa mmoja wao. Mrefu hadi akiingia anainamisha kichwa, mpole, anasalimia hata wafagiaji, na mikono yake ilizalisha watatu, watatu tu, kitabu kikasema ishirini, saini kumi na saba za uongo alizitia yeye kwa mkupuo mmoja huku anakunywa chai, na baada ya mitihani si akarudi, koti jeupe, Daktari, wodi nzima ikashangilia, kijana wetu… sasa mbona anamkumbuka leo, si alishaapa kutomkumbuka kikaoni… mchana kama huu, daktari bingwa yuko chumba cha upasuaji, mama kijana wa miaka ishirini na mbili kajifungua salama, kitanda cha tatu, na cha tano mwingine anapiga kelele, mkunga akamtazama Mnara pale kitanda cha tatu, glavu mkononi, akajiambia daktari yupo, huyu kazalisha ishirini, mwache, akaenda cha tano, Mungu wangu, akaiamini saini yake mwenyewe, alisahau kuwa ni uongo, aliisaini yeye na ikamdanganya yeye, na aliporudi damu ilikuwa imeshafika sakafuni na Mnara kasimama palepale, midomo imekauka, "Mama, hili sijawahi kulishika, niliona tu, si unajua niliona tu," alisema kwa sauti ya chini kama anayemtunzia siri, na yeye akamsukuma, akaingiza mkono, akakandamiza, akaita, lakini dakika zile zilikwisha kwenda, binti alipona, ndiyo alipona, kizazi kikaondolewa, miaka ishirini na mbili, na baada ya mwezi akaja na mtoto mgongoni kushukuru, "Mama umeniokoa, Mungu akuzidishie," na yeye akaitikia amina, kwa mdomo huuhuu, amina, halafu akaingia stoo akakaa juu ya maboksi ya pamba na hata kulia hakuweza.

"…na kwa wale wenye wasiwasi kama wodi itamudu," sauti ya Bwana Asilimia imepanda, "nimepitia vitabu vya miaka mitano, kila mwanafunzi, narudia, kila mwanafunzi alimaliza ishirini zake, asilimia mia, hata ng'ambo ya mto hawafikii hapo, kwa hiyo nafasi ipo, wodi haijaelemewa kabisa," na Mkuu anamgeukia kwa tabasamu, "tumshukuru Mama yetu hapa, bila yeye tusingekuwa na ushahidi huu," na wanapiga makofi, wanampigia makofi, kwa hiyo ni yeye, nguzo ile ya kijani inataka kurefuka juu ya saini zake, huruma ya Ijumaa mchana imekuwa ushahidi, wema hauozi wanasema, na wake mbona unanuka, na njia ya mwongo ni fupi wanasema, yake imemchukua miaka mitano bila kujikwaa… na akisema je, miezi minne astaafu, wasichana wa wodi wameshaanza kushonesha sare za kumuaga, akisema wataitisha vitabu vyote, watamwita Mnara, aliye wilayani na mke na mtoto mchanga, watasema bibi huyu ndiye, jina lake miaka thelathini na minne litafutwa kwa mchana mmoja, na asiposema, basi sitini, na vichwa ishirini na nane juu ya mama mmoja, na Ijumaa atakaa mkunga mwingine kwenye kiti chake, mwenye huruma vilevile, huruma haiishi duniani, na kina Mnara watatoka kwa mafungu, na kila mmoja atasimama siku moja kando ya kitanda cha tatu.

Fomu imefika. Nguzo bado ziko ukutani, feni inazunguka, Bwana Asilimia anaonyesha kwa kidole, "hapa chini tu Mama," na miguu inauma, amechoka, Mungu anajua alivyochoka, kusaini ni sekunde mbili na angekwenda kulala, na asubuhi hii tu kulikuwa na binti mwenye haya aliyebana magoti, akamwambia lile analowaambia wote, mficha uchi hazai, mwanangu, fungua, naye alijisikia mwenye hekima kweli alipokuwa anasema… "Mama?" anasema Mkuu, "una neno? Liwe fupi basi, sote tumechoka," na yeye anaisukuma fomu katikati ya meza, nafasi ya saini yake tupu.

"Ni fupi," anasema. "Hizo ishirini si za kweli. Nilizisaini mimi."