Cherehani Yenye Wivu

Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikuwa na wivu. Ndivyo alivyotangaza mtaani. Watu walikuja kuiazima, mke wa mjomba akiwa kinara wao, na Bibi hakumnyima mtu.

"Kaa, mwanangu, shona," anasema, macho makavu.

Mtu anazungusha gurudumu, gurudumu linakwenda mbio, sindano imelala kama mgonjwa.

"Basi leo imekukataa. Jaribu siku nyingine."

Mimi nimelelewa chini ya ile meza, juu ya vipande vya vitambaa, kwa hiyo nilijua. Katikati ya gurudumu kuna kitufe. Ukikilegeza, gurudumu linazunguka peke yake, sindano haina habari. Bibi alikilegeza kila alipoinuka, hata akienda msalani, huku akijifanya anafuta vumbi. Akili ni nywele, na za Bibi kitana hakikupenya.

Siku tuliyokutana kugawana vitu vya marehemu Bibi, cherehani ilikuwa imeshaukataa ukoo mzima. Mjomba alimleta hata fundi redio, naye akasema moyo wa mashine umekufa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa mlangoni na mkokoteni wake.

Niliitaka ile cherehani kuliko kitu chochote mle ndani. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya ushonaji. Ufundi ninao, mtoto ninaye, mashine sina. Lakini ningesema tu kwamba ni nzima, mke wa mjomba angeibeba kichwani kabla sijafunga mdomo.

"Mjomba," nikasema, "nipe mimi, niwekee chungu cha maua."

"Chuma chote hiki uwekee maua?"

Binti yangu, aliyenirithi chini ya meza, akanyoosha kidole. "Mama, si unakaza tu pale..."

Nikamjaza mkate mdomoni.

"Anasema nini huyo?" mke wa mjomba akauliza.

"Ana njaa."

Akanitazama. Nikamtazama. Mkate ukatafunwa.

"Haya, chukua," Mjomba akasema. "Mbele ya watu wote, ni yako. Isije ikasemwa nilimnyima mpwa wangu chuma kibovu."

Akainama kunisaidia kuinyanyua, suruali ikampasukia nyuma kwa mlio ambao hata yule wa mkokoteni aliusikia.

Ningefanyaje? Nyumba ya Bibi haikuwahi kumtoa mtu na nguo iliyochanika. Nikampa Mjomba shuka ya mama yake ajifunge, nikafuta vumbi kwenye gurudumu, nikashona. Ta-ta-ta-ta. Ile sauti ndiyo iliyotulaza sote utotoni, yeye kabla yangu. Mjomba akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Kumbe nzima," akasema.

"Inachagua mtu, Mjomba."

Akaanza kucheka taratibu, mabega yakimtikisika. "Yule mama. Yule mama yangu, jamani."

Mke wake alikuwa ameshavuta kiti. "Hebu na mimi nijaribu."

"Kaa, mama, shona," nikamwambia, nikainuka kumpisha, nikapitisha kitambaa kwenye gurudumu mara moja tu, kwa ajili ya vumbi.