Ummu Aenda Siyu kwa Miguu

Kwa miaka mitano Bi Ummu hakuvuka maji. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwalimu wa chuo cha Qurani huko Langoni, na alikuwa na baridi yabisi, ile inayoshambulia viungo pande zote mbili: vidole, vifundo, magoti. Asubuhi alihitaji saa nzima kabla mikono haijakubali kufunga kifungo. Dawa alimeza na zilimsaidia, ila hazikumaliza. Kilichomfungia ndani kuliko maumivu ni kuyangoja. Akialikwa mahali, kwanza alijiuliza ngazi ni ngapi, atakaa wapi, na itakuwaje akishikwa na maumivu mbele za watu. Akimaliza kujiuliza, alikuwa amekwisha kutuma udhuru. Ndivyo alivyoikosa harusi ya Shifaa, binti wa Nadra, mdogo wake aliyeolewa Siyu, ng'ambo ya maji, na baadaye akakosa maziko ya jamaa huko huko. Nadra akaacha kumwalika. Hakukasirika, alimhurumia tu, na huruma hiyo ilimchoma Ummu.

Kwenye kliniki alikochukua dawa alikuwapo muuguzi kutoka bara, Edah Cherono. Kila Jumanne Edah alikusanya wenye maradhi ya kudumu katika chumba cha nyuma: wa sukari, wa presha, wa viungo. Walikaa kwenye viti vya plastiki, wakafumba macho, wakafuata pumzi ikiingia na kutoka. Kisha aliwaongoza waupitie mwili kwa fikira, kuanzia nyayo hadi utosini, waone palipo na moto, palipokaza na palipotulia, bila kugombana na chochote.

Mara ya kwanza Ummu alitoka amekasirika. Alimwambia Edah kwamba yeye kila siku anahangaika kuyasahau magoti yake, na leo ameambiwa akae nayo dakika ishirini.

"Na ukiyasahau, Bi Ummu, yanakuacha?" Edah aliuliza.

Jumanne iliyofuata alirudi, akataka kujua kama hii si ibada ya watu wengine. Edah akasema si ibada. Ni kukaa pale ulipo badala ya kuitangulia kesho. Ummu alilipima neno hilo hadi nyumbani. Alijijua. Hata kwenye sala akili yake ilifika sokoni kwa wauza samaki kabla hajainuka kwenye rukuu. Kazi ya kuirudisha akili ikitoroka aliifahamu tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri angeifanya kwa ajili ya goti.

Akaanza kuifanya kila siku baada ya alfajiri, palepale juu ya mswala. Wiki nyingi hakuona kitu, na siku nyingine alilia. Mwezi wa tatu, asubuhi moja goti la kulia likiwaka, aliona kwamba goti linauma, basi, na hapo ndipo mwisho wake. Kule kujiona amelala kitandani mpaka afe, wanafunzi wake wamemsahau, hakukuwa gotini. Yalikuwa maneno. Akayatazama yakipita, na kwa mara ya kwanza hakuyafuata. Aliinuka goti bado linauma, naye anatabasamu.

Kwa hiyo aliposikia kwamba Shifaa amejifungua mtoto wa kwanza na arubaini itakuwa Alhamisi, hakungoja mwaliko. Alipiga simu akasema anakuja. Nadra akasema atamtuma mumewe, Ghassan, aje kumchukua kwa boti.

Alhamisi hiyo injini ya boti ilizimika mara mbili. Walipofika kwenye mdomo wa hori la Siyu, ule mkono wa bahari unaoelekea kijijini, maji yalikuwa yamekwisha kupwa, na boti ikakwama. Kijiji kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na maradhi. Ghassan alimshusha kwenye mchanga, akamwomba radhi, akasema akae kivulini wakati yeye anakwenda kutafuta punda.

Vifundo vya Ummu vilikuwa vimevimba kwa kukaa. Hofu ikaja na maneno yake yote: utaanguka, utabebwa, watu watakuona. Akavuta pumzi, akaiachia taratibu.

"Shemeji, mimi ntakwenda," alisema. "Nifuate nyuma, na usinipe pole kila hatua. Ndia hii ntaimaliza kwa miguu yangu."

Akaenda. Hakuifikiria Siyu, aliufikiria unyayo. Kisigino, ubavu wa mguu, vidole. Palipokaza alisimama, akapasikiliza, kisha akaendelea. Alipumzika kwenye kisiki, na mbele kidogo kwenye ukuta wa shamba. Katikati ya minazi goti lilikataa kabisa. Akalishika kwa mikono miwili, akahesabu pumzi kumi, kisha kumi nyingine. Halikunyamaza, ila lilikubali kukunjuka. Ghassan, aliyeanza safari kwa wasiwasi, naye alikuwa amepunguza mwendo akifuata hatua zake.

Nusu saa ikawa saa moja na robo. Nadra alikuwa uani akipakua pilau alipomwona dada yake mlangoni, buibui limejaa vumbi hadi magotini.

"Umekuya na nini?" aliuliza, akichungulia nyuma yake.

"Kwa miguu."

Nadra aliuweka mwiko chini. Alimkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja, na wanawake waliokuwa jikoni walipopata habari wakapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Ummu akakalishwa kwenye kiti cha heshima na kupewa mtoto. Kisha Shifaa akamwomba yeye, si mwingine, amsomee mwanawe dua. Akasoma bila haraka, kwa sauti iliyojaa uani pote.

Kesho yake hakuweza kuinuka mpaka adhuhuri. Nadra alimletea uji, akapanda kitandani kando yake, na wakazungumza mpaka uji ukapoa.